Jinsi ya kubadilisha kitasa cha mlango wa chumbani kwenye nyumba ya zamani bila kuharibu mlango

Masika ya mwaka juzi mama alifungiwa chumbani kwake pale Rau, Moshi. Hakuna mtu aliyemfungia, hendeli ya mlango ilikuwa imelegea siku nyingi na sisi watoto wake tunaiona tunapita tu, siku hiyo akavuta mlango kwa ndani hendeli ikabaki mkononi na kile chuma cha katikati kikadondokea upande wa koridoni. Akakaa kitandani, akawa anaita dirishani mpaka mtoto wa jirani akasikia akaomba simu akanipigia. Nilifika na bodaboda kutoka mjini kama baada ya saa nzima, nikaokota kile chuma sakafuni nikakichomeka kwenye tundu lake nikazungusha na plaizi, mlango ukafunguka. Mama akatoka akaniambia, "Mwanangu, mimi nina presha, mlango wangu mwenyewe ungeniua bure."

Ndo maana naandika hii kwa urefu. Tangu siku hiyo nimebadilisha vitasa vyote vinne vya kwa mama, vya kwangu Majengo, na vya kwa dada yangu Sakina kule Arusha, na nyumba zote hizo ni za zamani, milango ya mbao nzito iliyopakwa rangi mara nyingi mpaka hujui mbao yenyewe ni gani. Kitu kikubwa nilichojifunza ni kwamba kitasa kipya ndo kinatakiwa kufuata mlango. Watu wengi wananunua kitasa kizuri dukani alafu wanakuja kulazimisha mlango ufuate, patasi inaingia, mbao inapasuka, na mlango ule hupati tena mwingine wa mbao kama ile kwa bei ya kawaida.

Angalia kwanza kama kitasa ndo kibovu

Fungua mlango uwe wazi kabisa, simama pembeni yake, bonyeza hendeli taratibu uangalie ulimi unavyoingia na kutoka, alafu zungusha funguo uone na ule ulimi wa pili wa chini. Kama vyote vinafanya kazi vizuri mlango ukiwa wazi ila ukifunga ndo vinagoma, aisee kitasa chako ni kizima, shida iko kwenye mlango au fremu. Mara nyingi unakuta bawaba ya juu imelegea kwahiyo mlango umelala kidogo, ulimi unagonga chini ya tundu lake. Nyanyua mlango kwa mkono kutokea upande wa kitasa, ukiona unacheza juu chini jua ni bawaba. Toa skrubu za bawaba moja moja, jaza tundu na njiti za kiberiti ulizopaka gundi nyeupe ya mbao, ikikauka kata zilizobaki nje na urudishe skrubu. Hapo inawezekana umemaliza na hujanunua kitu.

Nyingine ni unyevu. Huku kwetu kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano mbao inakunywa maji ya hewani inavimba, mlango unakaza, ikifika mwezi wa nane unaachia wenyewe. Sasa mlango uliogoma mwezi wa nne usiukimbilie na randa, ukiuranda leo, kiangazi utaona mwanga wa koridoni unapita pembeni.

Na kama hendeli inaning'inia haisimami, fanya hivi kabla hujalaumu kitasa. Toa hendeli zote mbili, acha kile chuma cha pembe nne peke yake ndani ya kitasa, kizungushe na plaizi alafu uachie. Kikirudi chenyewe kwa nguvu basi kitasa kizima, kilichochoka ni hendeli, nunua hendeli tu. Kisiporudi, springi ya ndani imekatika au imechoka, hapo ndo unahitaji kitasa.

Ujue una kitasa cha aina gani

Kwenye nyumba zetu kuna aina kama tatu. Ya kwanza ni kile kinachozamishwa ndani ya unene wa mlango, ukiangalia ubavuni unaona kibati kirefu tu na ndimi mbili, hendeli ziko kwenye pleti ndefu pande zote mbili. Hiki ndo kimejaa Moshi na Arusha nzima na ndo ntakiongelea zaidi. Ya pili ni boksi la chuma lililobandikwa juu ya mlango kwa ndani, hujachimba chochote, linaonekana lote, hizi unazikuta nyumba za zamani sana, na mara nyingi zina kirungu cha duara badala ya hendeli. Ya tatu ni kile cha duara cha kuzungusha ambacho kinapita kwenye tundu kubwa la mviringo, mtindo wa Marekani, katikati kina kitufe cha kubonyeza.

Kama una cha boksi la juu na bado kinafunga, ushauri wangu ni ukitunze, kisafishe, tia oili, badilisha springi kama fundi anaweza kukutengenezea. Hivyo vilitengenezwa kwa chuma kinene na kupata kingine cha kulingana na alama zilizobaki mlangoni ni kazi. Kirungu chake kina skrubu ndogo shingoni, mara nyingi imefunikwa na rangi huioni, kwangua taratibu kuzunguka shingo utaipata, ukishailegeza kirungu kinatoka.

Vipimo

Hapa naomba usiwe na haraka maana ndo penye makosa yote. Kitasa cha kwanza nilichonunulia mlango wa mama sikupima, niliangalia kwa macho nikaona kinafanana, nikamuita fundi mmoja akaanza kuchimba ili kiingie, akafika mahali mbao ya kati inaposhikana na nguzo ya pembeni ya mlango akaikata ile sehemu ya kiungo. Baada ya wiki mbili mlango ukaanza kufunguka kwenye maungio, ukiufunga unasikia unalia. Ilibidi mlango mzima utolewe ukaungwe upya kwa gundi na vigingi vya mbao.

Kwahiyo chomoa kitasa cha zamani kwanza (ntaeleza chini kinavyochomolewa) alafu pima vitu hivi kwa milimita, usitumie inchi za kukadiria:

- kutoka uso wa kibati cha ubavuni mpaka katikati ya tundu la chuma cha hendeli. Vile vya mtindo wa Kiingereza mara nyingi ni 44 au 57
- kutoka katikati ya tundu la hendeli mpaka katikati ya tundu la funguo. Kiingereza mara nyingi 57, vile vya silinda vya mtindo wa Ujerumani ni 72
- kina cha boksi lote kuingia mlangoni, kama 64 au 76, ndo hizo wauzaji wanaita inchi mbili na nusu na inchi tatu
- urefu na upana wa kibati cha ubavuni
- unene wa mlango wenyewe

Hicho kipimo cha pili ndo kinawaumiza wengi. Mtu anapata kitasa kinachoingia vizuri kwenye shimo alafu anakuja kugundua tundu la funguo la pleti yake ya zamani haliko tena kwenye mstari, lipo sentimita moja na nusu juu ya tundu la kitasa, funguo haiingii. Kama unabadilisha kitasa na hendeli pamoja zinazouzwa seti moja basi vitaendana vyenyewe kwa vyenyewe, ila matundu yaliyopo mlangoni bado yanaweza kukataa, na matundu ya zamani yanaweza kubaki yanaonekana nje ya pleti mpya. Pima na pleti ya zamani pia, urefu na upana, ukitafuta hendeli mpya tafuta yenye pleti sawa au kubwa zaidi ili ifunike majeraha yote na ule mstari wa rangi.

Kingine, angalia mlango unafungukia wapi. Ulimi wa juu una upande ulioinama na upande ulionyooka, ule ulioinama ndo unatakiwa ugonge fremu kwanza mlango ukijifunga. Vitasa vingi unaweza kugeuza ulimi, vingine unauvuta nje kidogo unauzungusha, vingine inabidi ufungue kifuniko cha boksi. Kama ni cha kufungua kifuniko, ingiza mikono na kitasa ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoona ndani alafu ndo ufungue, mana springi zikiruka chumbani hutaziona tena. Piga picha na simu kabla hujagusa chochote ndani.

Alafu nenda dukani na kitasa chenyewe cha zamani mkononi. Usiende na picha tu. Mimi naenda maduka ya hadwea ya Mbuyuni naweka kile cha zamani juu ya kaunta, naweka kipya juu yake, nachomeka bisibisi kwenye tundu la hendeli ipite vyote viwili, alafu naangalia kama matundu ya funguo yanaonana. Muuzaji wa kwanza akaniambia, "Kaka, chukua tu hicho, vyote ni sawa." Havikuwa sawa, vilipishana kama milimita kumi na tatu. Duka la tatu mama mmoja akakichukua cha kwangu akakipindua, akapima na rula akasema, "Hiki ni cha inchi mbili na nusu baba, hawa wanakupa cha tatu," akanipa chenyewe. Unapolipa, zungusha funguo zote zilizokuja nacho pale pale kaunta, sio moja tu.

Wauzaji watakuuliza unataka cha liva ngapi. Liva ni vile vibati vidogo vya ndani ambavyo funguo inavinyanyua mpaka kimo chake ndo ulimi unaachia, zikiwa nyingi inakuwa ngumu zaidi mtu kufungua na funguo ya kubahatisha. Ni teknolojia ya siku nyingi, Mwingereza anaitwa Robert Barron ndo alipewa hataza ya kitasa cha liva mbili mwaka 1778, na mpaka leo ukifungua kitasa cha chumbani utakuta wazo ni lile lile. Kwa mlango wa ndani liva mbili au tatu zinatosha, hela ya liva tano peleka mlango wa nje.

Kama unamwekea mzee au mtu mwenye maumivu ya viungo, chukua hendeli ndefu ya kubonyeza, usichukue kirungu. Hendeli anaweza kuibonyeza hata na kiwiko akiwa amebeba beseni, kirungu kinataka vidole vikamate na kuzungusha, na mama alishaanza kushindwa hivyo. Kwenye choo na bafu tafuta kile ambacho kwa ndani unafunga kwa kuzungusha na kwa nje kuna mfereji mdogo wa kufungulia kwa sarafu au bisibisi, mtoto akijifungia humo utamtoa kwa sekunde.

Kuchomoa cha zamani

Vifaa havizidi mfuko mmoja: bisibisi bapa na ya nyota, plaizi, nyundo, kisu kikali, patasi ya milimita kama 12 hivi, penseli, futi, msasa, na keekee au drili yenye biti ndogo. Msumeno wa chuma unaweza kuhitajika, na tupa.

Kabla ya yote weka kabari chini ya mlango ubaki wazi. Na plaizi na kile chuma cha pembe nne viwe mfukoni mwako, sio mezani chumba cha pili. Mlango ukijifunga na upepo ukiwa umeshatoa hendeli unakuwa kama mama yangu siku ile.

Pitisha kisu kuzunguka pleti yote, ukate rangi mpaka ufike kwenye mbao. Usiruke hapa. Mlango wa mama ulikuwa na kijani, juu yake maziwa, juu yake bluu, juu yake maziwa tena, zote za mafuta, zimeshikana na pleti kama ngozi moja, ukivuta bila kukata zinabanduka na kipande cha mlango kizima. Vumbi la hizo rangi za mafuta za zamani sio zuri, nyingine zina madini ya risasi ndani yake, kwahiyo ukikwangua au kupiga msasa lowesha maji kwanza, kusanya uchafu na kitambaa kibichi, watoto wawe mbali.

Skrubu nazo zitakuwa zimejaa rangi kichwani. Chukua msumari uchokonoe mfereji mpaka uwe safi kabisa, alafu weka bisibisi inayojaa mfereji wote, igonge kwa nyuma na nyundo mara mbili tatu za wastani, ndo uzungushe. Kule kugonga kunavunja kutu. Usianze kuzungusha na bisibisi ndogo, itakula kichwa cha skrubu na hapo utakuwa umejitafutia kazi ya siku nzima. Ikigoma kabisa izungushe kidogo upande wa kukaza kwanza, ikilia "tk" jua imeachia, sasa irudishe.

Pleti zikitoka, vuta chuma cha pembe nne. Alafu njoo ubavuni, kuna skrubu mbili, juu na chini, zitoe, kata rangi kuzunguka kibati. Sasa kitasa hakitatoka kwa kukivuta na kucha. Pitisha bisibisi ndefu kwenye tundu la hendeli itokee upande wa pili, shika pande zote mbili uvute kuelekea kwako kwa nguvu sawa, ukivuta upande mmoja tu kinabana kwenye shimo. Kikigoma gonga ile bisibisi kidogo kidogo na nyundo, kulia kushoto kulia kushoto. Kitatoka na vumbi la miaka, la kwa mama lilikuwa na kiota cha nyigu cha udongo ndani yake.

Kuweka kipya

Safisha shimo. Ingiza kitasa kipya bila skrubu uone kama kinazama mpaka kibati kikae sawa na ubavu wa mlango. Kama umepima vizuri kitaingia. Kama kibati kipya ni kirefu kidogo kuliko cha zamani, kiweke mahali pake, chora na ncha ya kisu kukizunguka, usitumie penseli hapa maana mstari wa penseli ni mnene na patasi inapotea, alafu chimba unene wa kibati tu, milimita mbili au tatu, patasi upande wake bapa ukiwa umeelekea mbao unayoibakisha. Kama kibati kipya ni kifupi, kata kipande cha mbao kijaze ile nafasi, gundi, kauke usiku mmoja.

Shimo likihitaji kuongezwa kina, simama kwanza ufikirie. Mlango wa mbao za kuunga, kitasa mara nyingi kimekaa karibu na mbao ya kati inayokatisha, na ndani ya nguzo pale kuna kiungo chenyewe kinachoshika mlango. Ukikikata kile umekata mshipa. Bora urudi dukani ukabadilishe kitasa. Kwenye mlango wa flashi, ule wa plaiwudi pande mbili, shida ni nyingine, ndani ni uwazi, kipande cha mbao ngumu cha kubebea kitasa kimewekwa sehemu moja tu, gonga na kidole utasikia panapolia kizito na panapolia kitupu, usihamishe kitasa kwenda kwenye utupu.

Matundu ya skrubu ya zamani yakikaribiana sana na mapya, skrubu mpya itateleza iingie la zamani. Jaza yote kwa njiti na gundi, acha ikauke, alafu toboa upya na biti nyembamba kuliko skrubu. Mbao za zamani kama mninga ukilazimisha skrubu bila kutoboa, skrubu inakatika kichwa. Kama skrubu zako ni za shaba ya njano, ingiza kwanza ya chuma ya saizi ile ile ichonge njia, itoe, alafu ndo uweke ya shaba, ile ni laini inakatika upesi. Pakaa sabuni ya kipande kwenye meno yake, utaona inavyoteleza.

Kitasa kikiwa ndani, kabla hujafunga skrubu hata moja ya pleti, chomeka chuma cha pembe nne na hendeli pande zote mbili ujaribu. Chuma kikiwa kirefu pleti hazitalala kwenye mlango, kata na msumeno wa chuma kidogo kidogo, ondoa milimita tatu, jaribu, ondoa tena. Kikiwa kifupi usikitumie kabisa, tafuta kingine. Chuma kinachoshika hendeli kwa ncha tu ndo kile kinachochomoka siku mtu yuko peke yake ndani, na hilo ndo lilikuwa kosa kwenye mlango wa mama, nilikuja kuona chuma kilikuwa kimeingia kwenye hendeli ya ndani kama upana wa kucha basi.

Kaza skrubu za pleti zote nusu kwanza, bonyeza hendeli uone inarudi yenyewe, alafu kaza taratibu kwa kupishana juu na chini, ukijaribu hendeli kila baada ya mzunguko. Ikianza kuwa nzito umekaza kupita kiasi au pleti imekaa upande, legeza uisogeze. Funguo nayo ijaribu hapo hapo, ndani na nje, mara kumi. Mlango ukiwa WAZI. Usifunge mlango mpaka uhakikishe hivyo vyote viwili vinafanya kazi, na ukiufunga mara ya kwanza mtu mmoja awe ndani mwingine nje.

Kibati cha kwenye fremu

Hiki watu wanakiacha cha zamani na ndo kinawafanya waseme kitasa kipya kibovu. Paka dawa ya viatu nyeusi kwenye ncha za ndimi, bonyeza hendeli ukiwa umeishika, funga mlango, achia, zungusha na funguo mpaka ulimi wa pili uguse, rudisha, fungua. Alama nyeusi kwenye kibati zinakuonyesha ndimi zinagonga wapi. Zikikosea milimita moja au mbili, panua tundu la kibati kwa tupa. Zikikosea zaidi, hamisha kibati, jaza matundu ya zamani, na uhakikishe shimo la mbao nyuma ya kibati lina kina cha kutosha ulimi wa funguo uingie wote. Ulimi ukiingia nusu, funguo haitamaliza mzunguko na mtu ataanza kuilazimisha mpaka ikatike ndani.

Mlango ukifunga ila unatikisika kwa upepo, kibati kiko mbali sana na ule ukingo ambao mlango unagonga, kisogeze kidogo kuuelekea.

Kile cha duara

Kifupi tu. Bonyeza kile kipini kidogo kwenye shingo ya duara la ndani na msumari huku ukivuta, duara linatoka, bandua kifuniko, utaona skrubu mbili ndefu, zitoe, vipande vyote viwili vinaachana, alafu toa ulimi ubavuni. Vipimo ni viwili, kutoka ukingo wa mlango mpaka katikati ya tundu kubwa, 60 au 70, na upana wa tundu lenyewe ambao kawaida ni 54. Ndimi nyingi za sasa zinarekebishika 60 kwenda 70, angalia kwenye boksi. Usijaribu kuweka aina hii kwenye mlango uliokuwa na kitasa cha kuzamisha, lile tundu kubwa likikutana na shimo la zamani mbao inayobaki ni kama biskuti.

Oili

Kwa funguo tumia unga wa penseli, sugua penseli laini kwenye meno ya funguo, ingiza toa mara kadhaa. Mafuta ya kupikia usiweke kamwe, yanakamata vumbi, na vumbi letu la kiangazi linageuka kama gundi humo ndani, nimefungua kitasa cha kwa dada Sakina nikakuta liva zimeshikana kwa uji mweusi wa mafuta ya alizeti. Kwenye ulimi wa juu tone moja la mafuta ya cherehani linatosha.

Kile cha zamani usikitupe. Kifungue, toa springi na skrubu zake, weka kwenye kopo, zinaingia kwenye vitasa vingine vya nyumba hiyo hiyo. Na funguo ya pili ya kila chumba itundike nje ya chumba hicho. Za mama zipo jikoni, nyuma ya mlango, kila moja na kitambaa cha rangi yake, cha chumba chake ni chekundu, na mtoto wa jirani yule aliyesikia siku ile anajua kilipo.